Kichwa cha Jina na Mkia Wake: Neno juu ya Majina ya Watu wa Busisi

Tumeulizwa mara nyingi kama ni kweli kwamba kabila la mtu hujulikana kwa jina lake. Waulizao hutuletea na kanuni iliyokwisha tengenezwa: jina lianzalo kwa Mwa- au Ma- ni la Msukuma, lianzalo kwa Ru- au Rwe- ni la mtu wa pande za Bukoba au Uzinza, lianzalo kwa O- ni la Mjaluo. Wako na wengine wenye neno kali zaidi. Hao husema kwamba jina la Kisukuma lililoandikwa kwa Mwa- badala ya Ng'wa- ni jina lililoharibiwa, na kwamba mwenye kukubali kuitwa hivyo amewakana wazee wake. Maneno haya mawili twayasikia shuleni, ofisini na safarini, nasi twaona yafaa kupimwa, maana kwa maneno kama hayo watu hupewa haki zao au hunyimwa.

Busisi ni mahali pafaapo sana kwa kazi hii. Mji huu uko upande wa magharibi wa Ghuba ya Mwanza, katika wilaya ya Sengerema, ukitazamana na Kigongo. Nchi yenyewe kwa asili ni ya Uzinza, lakini Wasukuma wamevuka maji na kuhamia huko kwa wingi, hasa baada ya mwaka 1947, ulipoanza ule mpango wa serikali wa kuendeleza Usukuma, ambao kwa sehemu ulitaka kuwapatia watu na ng'ombe wao makazi mapya pande za Geita. Kwa miaka mingi watu walivuka kwa kivuko. Tangu tarehe 19 Juni 2025 wavuka kwa daraja lenye urefu wa kilometa 3 hivi, lililopewa jina la John Pombe Magufuli. Basi mahali ambapo makabila yamevukiana namna hiyo, majina nayo yamevukiana. Aliye na kanuni nyepesi na aje aijaribu hapa.

1. Alama iko mbele, si nyuma

Kwanza yatupasa kuona tofauti moja kubwa kati ya majina yetu na majina ya Wazungu wengi. Kwao, neno la kuonyesha uzao hukaa mkiani mwa jina. Kwetu hukaa kichwani. Tutoe mfano wa Makedonia, nchi ndogo ya Ulaya ya kusini mashariki, ambayo tangu mwaka 2019 jina lake rasmi ni Makedonia Kaskazini. Huko mtu wa uzao wa Petro aweza kuitwa Petrov, au Petrović, au Petrovski. Mikia hiyo mitatu maana yake yakaribiana sana, yaani "wa Petro". Lakini tazama mambo yaliyoipata. Nchi ilipokuwa chini ya utawala wa Belgrad, kabla ya mwaka 1941, majina yaliandikwa kwa -ić, ili watu waonekane Waserbia. Wabulgaria walipoikalia nchi hiyo kati ya mwaka 1941 na 1944, mkia uliotakiwa ni -ov. Baada ya hapo, Makedonia ilipopata kuwa jamhuri ndani ya Yugoslavia, -ski ndiyo iliyoenea, ingawa ilikuwako tangu zamani. Na katika sehemu ya Makedonia iliyo ndani ya Ugiriki watu wengi walipewa majina yenye mikia ya Kigiriki. Hivyo mzee mmoja, pasipo kuhama nyumba yake, aliweza kuandikwa kwa mikia mitatu katika maisha yake.

Mfano huu watufundisha mambo mawili. La kwanza, kipande kidogo cha jina chaweza kubeba mzigo mkubwa wa utaifa. La pili, mzigo huo haukuwamo ndani ya kipande tangu mwanzo: ulitwikwa na wenye kalamu. Nasi katika nchi ya ziwa twaweza kujiuliza: je, vichwa vya majina yetu vilitwikwa na nani?

2. Ng'wa na Mwa

Katika Kisukuma, mahali pengi ambapo Kiswahili kina mw-, lugha hiyo ina ng'w-. Mwana ni ng'wana. Mwaka ni ng'waka. Hii si kasoro ya ulimi wala si ushamba, kama walivyodhani baadhi ya walimu wa zamani. Ni kanuni ya sauti, nayo hufuatwa kwa utaratibu. Kwa hiyo mtu aitwaye Ng'wandu, yaani mbuyu, akiandikwa Mwandu, jina lake halikuvunjwa ovyo: limetafsiriwa sauti zake kwa Kiswahili. Mji mkuu wa nchi hii nao umepata mambo hayo hayo. Wasukuma huuita Ng'wanza. Speke, aliyefika huko mwezi wa Agosti 1858, aliandika Muanza. Wadachi wakaandika Muansa. Leo twaandika Mwanza. Wale wanaosema kwamba kila Mwa- ni jina lililoharibiwa yawapasa kwanza waukatae mji wao, nasi hatujasikia mtu aliyefanya hivyo.

Lakini tusiwahukumu upesi mno, maana lalamiko lao lina kiini cha kweli. Ng'wa katika Kisukuma si sauti tu. Ni neno lenye kazi. Mbele ya jina la mtu humaanisha "wa", wa kuonyesha uzao au milki. Kabula ng'wa Masanja ni Kabula wa Masanja. Vijiji vingi vya Usukuma viitwavyo kwa Mwa-, kama Mwamashimba, vina maana ya "kwa fulani", yaani mahali alipokaa mtu wa kwanza au mkuu wa mji. Na ng'wana huwekwa mbele ya jina la baba ili kumtaja mtu kwa heshima. Mwanamke aliyeolewa huitwa ukweni Ng'wana fulani, kwa jina la baba yake, ili isisahauliwe kwamba ametoka katika nyumba ya watu. Neno hilo likibadilika kuwa mwana, msomaji wa Kiswahili hudhani ni sehemu ya jina lenyewe, akaliunganisha, akaandika neno moja refu. Hapo ndipo maana hupotea: si kwa sababu sauti imebadilika, bali kwa sababu mpaka kati ya maneno mawili umefutwa.

Tena ng'wana haimaanishi daima mtoto wa baba fulani. Ushahidi ni mtu mashuhuri kuliko wote wa Usukuma katika habari za miujiza, Ng'wanamalundi, aliyefariki mwaka 1936. Jina lake la kuzaliwa ni Igulu, na baba yake ni Bugomola. Malundi ni miguu. Aliitwa hivyo kwa kuwa alikuwa na miguu mirefu. Mtu afuataye kanuni bila kuuliza angeandika katika daftari kwamba baba yake aliitwa Malundi, na baba huyo hakuwako duniani.

3. Majina ya kuzaliwa

Lililo muhimu zaidi ni hili: majina mengi ambayo leo twayaita ya ukoo hayakuwa ya ukoo. Yalikuwa majina ya kuzaliwa ya mtu mmoja, yakieleza hali aliyokuja nayo duniani. Mtoto wa kiume aliyezaliwa wakati wa mvua huitwa Mabula, na wa kike Kabula, maana mbula ni mvua. Aliyezaliwa wakati wa njala huitwa Mayala akiwa mume, na Nyanzala akiwa mke. Mapacha ni Kulwa na Doto; anayewafuata ni Shija; aliyetanguliza miguu ni Kashinje. Twaona hapa kwamba kichwa cha jina, Ma- kwa mume na Ka- au Nya- kwa mke, mara nyingi chatenga jinsia, wala hakitaji kabila. Nayo si sheria isiyo na kasoro, maana Kulwa na Doto hawana kichwa cha kuwatenga, na wote wawili waweza kuwa wa kiume au wa kike.

Mfano ulio wazi kuliko yote watoka ng'ambo ya mashariki ya ziwa, Butiama. Baba yake Mwalimu Julius Nyerere aliitwa Nyerere kwa sababu alizaliwa wakati viwavi walipoivamia nchi, na neno hilo kwa Kizanaki ni jina la viwavi hao. Mwalimu mwenyewe, aliyezaliwa mwaka 1922 wakati wa mvua, aliitwa Kambarage, jina la pepo wa mvua. Na jina la Julius alipata kwa ubatizo mwaka 1943. Kwa desturi ya mitindo ya karatasi, jina la baba likawekwa mwisho, likawa jina la familia, likajulikana dunia nzima. Hivyo viwavi vya mwaka mmoja wa karne ya 19 vimekuwa jina la ukoo, na mvua iliyomleta Mwalimu mwenyewe imekaa katikati, watu wachache wakiikumbuka. Hatusemi kwamba ni vibaya. Twasema tu kwamba asomaye jina hilo akitaka kujua ukoo hasomi ukoo. Asoma habari ya msimu.

Ukoo wenyewe uko mahali pengine. Wasukuma wana koo zao, kama Babinza na Bakwimba. Wakerewe wana Basilanga waliotawala kisiwa. Wazinza wana Bahinda waliokuwa watawala wao. Na Bahinda hao hawakai ndani ya mpaka wa kabila moja: wako Karagwe, wako Uzinza, wako Ankole katika Uganda, na mwiko wao ni tumbili. Basi jambo lililo karibu zaidi na jina la ukoo, kwa maana ya Wazungu, haliandikwi katika karatasi yoyote, na lingeandikwa lingevuka mipaka ya makabila ambayo watu hudhani majina yanailinda.

4. Majina ya Uzinza na Ukerewe

Tukiyatazama majina ya Wazinza, Wakerewe na Wahaya, twaona desturi nyingine. Mengi ya hayo ni sentensi nzima iliyofupishwa. Tibaijuka ni "hawakumbuki": kichwa Ti- ni cha kukanusha. Byarugaba ni "vya Rugaba", na Rugaba ni jina la Mungu, Mgawaji wa vitu vyote. Majina ya Ru- na Rwe- mengi yafanana na majina ya sifa, ambayo mtu husifiwa kwa tendo lake.

Na hapa, kinyume cha tuliyosema mwanzo, mkia nao una kazi. Katika kitabu cha Aniceti Kitereza wa Ukerewe, alichokimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945 na kilichotoka kwa Kiswahili mwaka 1980, mtoto mmoja aitwa Ntulanalwo. Maana yake ni "nakaa nacho". Nacho nini? Mkia -lwo wajibu: ni kifo, maana olufu katika lugha hiyo ni kifo, na -lwo ni kiwakilishi chake. Wazazi waliofiwa hawakulitaja neno lenyewe; walilificha katika silabi ya mwisho, na kila Mkerewe aliyesikia alifahamu. Sasa fikiri mwandishi asiyejua lugha aliandike jina hilo Ntulanalo au Tulanarwo. Amekosea herufi moja au mbili tu, lakini amefuta kilio cha nyumba nzima.

Herufi L na R ni jambo la pili la kuangaliwa. Mkuu wa Ukerewe aliyempokea Stanley mwaka 1875 huandikwa Lukonge katika vitabu vingine na Rukonge katika vingine. Mzinza wa Busisi akiandikwa na karani Msukuma, ambaye lugha yake yapenda L, Ru- yake huwa Lu-. Akiandikwa na karani Mhaya, hurudi kuwa Ru-. Ndugu wawili wa tumbo moja waweza kuwa mmoja na Lu-, mwingine na Ru-, kwa sababu tu walisoma shule mbili. Kisha mwenye kanuni huja akasema: huyu ni Msukuma, yule ni Mhaya. Nao ni Wazinza, na mama yao ni mmoja.

5. Kichwa kimoja, makabila mengi

Twaweza sasa kuijibu ile kanuni ya kwanza. Kichwa Mwa- kiko Mwanza, lakini kiko pia Rungwe kwa Wanyakyusa, wenye akina Mwakyusa, na huko ndicho kichwa hasa cha majina ya uzao. Kiko kwa Wataita na Wadigo wa Kenya. Pwani, mwana ni neno la heshima kwa wanawake, kama katika Mwanahamisi na Mwanaidi. Watu hawa wote hawakuazimana majina: wamerithi neno moja la zamani la lugha za Kibantu, kila mmoja akalitumia kwa njia yake. Kadhalika Kulwa na Doto wamekwisha toka Usukuma na Unyamwezi, wakaenea Tanzania yote. Leo mapacha wa kabila lolote waweza kuitwa hivyo. Kwa Wajaluo, O- na A- hutenga mume na mke, kama Ochieng' na Achieng', wala si kila jina lianzalo kwa O- ni lao.

Basi jina ni shahidi, lakini ni shahidi wa kuulizwa, si wa kuaminiwa kwa kuonekana tu. Latwambia kwamba mtu fulani, mahali fulani, aliitwa na wenye lugha fulani. Halitwambii kwamba mjukuu wake ni nani leo. Na yeyote anayegawa kazi, shamba au heshima kwa kusoma kichwa cha jina afanya kazi ile ile ya watawala wa Makedonia, ila yeye hata sheria hana.

6. Hasara ya kosa dogo

Wengine watasema: haya ni mambo ya wasomi, karani akikosea herufi, nani amekufa? Nasi twajibu kwa habari tuliyoiona wenyewe. Mama mmoja wa pande za Busisi aliitwa na baba yake Nyanzala. Alipoolewa aliitwa ukweni Ng'wana Masanja, kwa heshima ya baba yake. Katika karatasi ya kwanza aliandikwa Nyanzala Masanja. Katika ya pili, karani aliuliza, "Waitwa nani hapa?", naye akajibu kama aitwavyo, akaandikwa Mwanamasanja, neno moja. Katika ya tatu aliandikwa kwa jina la mumewe. Mbaya zaidi, watoto wake wawili waliandikishwa shuleni wakiwa na Mwanamasanja kama jina lao la mwisho.

Mumewe akafariki. Mama alipotaka shamba lishikwe na wanawe, ilimpasa kwanza kuapa kwamba wanawake watatu wa karatasini ni mmoja. Hilo lilimgharimu safari na fedha, akalivumilia. Lakini katika kikao cha ukoo mzee mmoja aliuliza kwa nini watoto wale wana jina la babu mzaa mama. Msomaji asiyejua desturi hataona ukali wa swali hilo. Kwa desturi ya Wasukuma, ng'ombe za mahari zikitolewa, watoto ni wa baba na ukoo wake. Zisipotolewa, watoto ni wa upande wa mama. Kwa hiyo jina lile lilisema, bila mtu kukusudia, kwamba ng'ombe hazikutoka. Kwamba mama yule hakuolewa. Ilibidi wazee waliopokea ng'ombe waitwe kutoka ng'ambo ya maji kuja kushuhudia, na mama aliketi akisikiliza ndoa yake ya miaka mingi ikithibitishwa kama deni la dukani. Kosa lote lilikuwa nafasi moja tu isiyoachwa kati ya maneno mawili.

7. Tunayoyashauri

Hatuwataki watu wote warudi kuandika kama walivyotamka babu zao. Jina ni mali ya mwenyewe. Aliyezoea kuitwa Mwandu, akasoma na kufanya kazi kwa jina hilo, hakumkana mtu, wala asihukumiwe. Lakini anayetaka Ng'wandu apewe Ng'wandu, pamoja na ile alama ndogo ya juu, ambayo mashine za siku hizi huiacha au huikataa. Alama hiyo si pambo. Katika Kiswahili hutenga ng'ombe na ngoma. Katika daftari hutenga mtu na mwingine.

Kwa makarani, walimu, makatekista na mapadre twasema neno moja: ulizeni maana kabla ya kuandika. Tangu Mapadre Weupe walipofika Bukumbi mwaka 1883, daftari za ubatizo zimechukua jina la Kikristo, jina la kwao, na majina ya wazazi, kila moja mahali pake. Hiyo ni desturi njema, maana haikumlazimisha mtu kuwa na jina la familia asilokuwa nalo. Ilimtaja yeye, kisha ikawataja waliomzaa. Karatasi za siku hizi hudai majina matatu, la mwisho likiitwa la ukoo. Zikidai hivyo, basi aandikaye na ajue kwamba mara nyingi anaandika mvua ya mwaka mmoja, au njala, au viwavi, au kilio, na kwamba huo ukoo wenyewe haujaulizwa.

Na kwa wenye kanuni ya kabila, twawaomba waende Busisi, wasimame darajani, wamwulize kila avukaye jina lake na maana yake. Watachoka kabla ya jua kutua, lakini watajua majina zaidi na makabila machache kuliko walivyodhani. Zamani, kwenye kivuko, swali la kwanza halikuwa "Wewe kabila gani?" Lilikuwa "Mwana wa nani?" Nalo lina jibu ambalo kila mtu aweza kulitoa mwenyewe.